Fonti Nzuri, Maandishi Hayasomeki: Tafuta Kosa kwa Dalili Zake

Ukifungua duka lolote la fonti mtandaoni, sampuli utakayokutana nayo mara nyingi ni ile sentensi ya Kiingereza ya mbweha wa kahawia anayemruka mbwa mvivu. Ilitungwa ili ipite kwenye herufi zote 26. Ina q, ina x, herufi ambazo Kiswahili hakina habari nazo, na a ndani yake ni moja tu. Sasa andika "yatakayowasilishwa". Neno moja, herufi 18, na tano kati yake ni a. Halafu andika "mmiliki", "ng'ombe", "Ilala". Fonti iliyokuwa inameremeta dakika mbili zilizopita inaanza kuchechemea.

Nimetengeneza kadi, mabango, vipeperushi na kurasa za simu kwa miaka kadhaa, na malalamiko mengi ya "mwandiko hauonekani vizuri" niliyoletewa yalianzia hapo. Fonti ilipendwa ikisema Kiingereza, ikaajiriwa kusema Kiswahili. Mteja hawezi kukutajia kosa kwa jina lake. Atakwambia tu kwamba kuna kitu hakipendi. Kwa hiyo anza na anachokiona yeye, kisha rudi nyuma hadi kwenye chanzo.

Kwanza hakikisha ni fonti kweli

Chukua kazi ileile. Usiguse rangi, ukubwa wala mpangilio. Badilisha fonti peke yake, weka Verdana au Noto Sans. Kama bado haisomeki, fonti yako haina kosa, ulizia ukubwa, rangi na nafasi. Kama imesomeka ghafla, umeshampata mwizi.

Usikague kwenye kioo cha kompyuta tu, wala kwa picha ya WhatsApp ambayo mteja anaikuza kwa vidole viwili. Chapa kipande kimoja kwenye A4 kwa ukubwa wake halisi, kibandike ukutani, urudi nyuma hadi pale atakaposimama msomaji. Kwa mabango kuna kanuni ya mkono inayotumika sana: kimo cha herufi sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Mtu aliyesimama mita 30 ng'ambo ya barabara anahitaji herufi ya sentimita 25. Bango likishindwa kipimo hiki, hakuna fonti itakayoliokoa.

Dalili: neno linasomeka kama neno jingine

Hii ndiyo dalili ninayoiona zaidi kuliko zote, na ndiyo isiyosemwa sana kwa sababu Waingereza haiwasumbui kama inavyotusumbua sisi.

Niliwahi kutengeneza bango la baa moja. Maneno makubwa yalikuwa "Nyama choma", kwa fonti ya kisasa ya duara, safi, nyembamba kidogo. Mwenye baa alivuka barabara, akageuka, akalitazama, akarudi anacheka. "Kaka, hii nyama ya chama gani?"

Sogea karibu uone kilichotokea. Herufi a ndogo huchorwa kwa namna mbili. Ya kwanza ina ghorofa mbili: tumbo chini na kofia iliyopinda juu, kama unavyoiona kwenye Verdana, Arial na Times New Roman. Ya pili ina ghorofa moja: duara na mguu ubavuni, kama watoto wanavyofundishwa kuandika darasa la kwanza. Futura ya Paul Renner ya mwaka 1927 iko hivyo, na Century Gothic na Quicksand zimefuata njia hiyohiyo. Ukiwa karibu, mguu ule unauona. Ukiwa mbali, au bango likiwa na vumbi, mguu unapotea na kubaki duara, na duara ni o. Kiingereza kinavumilia kwa sababu irabu zake zimetawanyika katikati ya konsonanti nyingi. Kwetu irabu ndiyo inayobeba maana: kadi na kodi, choma na chama, taa na toa, kata na kato, bara na bora. Kosa la herufi moja halitoi neno lisilo na maana ambalo msomaji angelisahihisha kichwani. Linatoa neno halali kabisa lenye maana nyingine.

Tiba: kwa maandishi ya aya, na kwa bango lolote la kusomwa kwa mbali, tumia fonti yenye a ya ghorofa mbili. Kama mteja anataka sura ile ya duaraduara, Montserrat ina mwelekeo huo na a yake ina kofia. Fonti za ghorofa moja ziachie nembo yenye neno moja au mawili, baada ya kulisoma neno lenyewe kwa mbali.

Vitabu vya watoto ni habari nyingine. Huko a ya ghorofa moja ina sababu, maana ndiyo wanayoiandika. Shirika la SIL, linaloshughulika na lugha na maandishi yake, lina fonti ya bure iliyochorwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, na wakaipa jina la Kiswahili: Andika. Inatumia sura zinazofahamika kwa mwanafunzi huku ikijitahidi kutenganisha herufi zinazofanana. Ukipata kazi ya kitabu cha kusoma, anza nayo.

Dalili: "Hiki ni kijiti au herufi?"

Andika Ilala kwa Arial. Utaona vijiti viwili vimesimama sambamba, kisha "ala". I kubwa na l ndogo kwenye Arial, Helvetica na Calibri zinakaribia kuwa kitu kimoja. Mtu wa Dar es Salaam hatababaika na Ilala, amelizoea. Lakini fikiria sentensi zetu zinavyoanza: Ilikuwa, Ilipofika, Iliyotajwa, Ilani. Kila aya inaanza na uzio. Kwenye namba za risiti, nywila na kumbukumbu za malipo shida ni kubwa zaidi, kwa sababu hakuna maana ya kumsaidia msomaji kubahatisha kati ya I, l na 1, au kati ya O na 0.

Tafuta fonti ambayo I kubwa ina vikofia juu na chini, au l ndogo ina mkia. Verdana na Tahoma zina I ya namna hiyo. Atkinson Hyperlegible, iliyotolewa bure na Braille Institute ya Marekani kwa ajili ya watu wenye uoni hafifu, imetenganisha I, l na 1, na sifuri yake imekatwa mstari. Inter nayo ina herufi mbadala za kazi hii, ila lazima uziwashe mwenyewe kwenye mipangilio ya OpenType, ile sehemu ya programu inayobadilisha maumbo ya herufi za fonti.

Ndugu ya dalili hii ni "mmiliki". Hesabu vijiti vya wima: m ina vitatu, m ya pili vitatu, i, l, i. Tisa kabla hujafika kwenye k. Fonti iliyobanwa, au uliyoibana mwenyewe ili jina refu liingie kwenye stika, hugeuza neno hilo kuwa kichana. Ongeza nafasi kati ya herufi kidogo, au punguza ukubwa. Kamwe usivute herufi kwa kipanya ili zinenepe au zirefuke. Kama nafasi ni finyu, tafuta fonti iliyochorwa nyembamba tangu mwanzo, kama Roboto Condensed.

Dalili: "ng'ombe" ina pengo, au ritifaa imekuwa kitu kingine

Vyanzo ni vitatu, na vinafanana kwa macho.

Cha kwanza ni maandishi yenyewe. Mteja amekutumia ujumbe kwa simu, na badala ya ritifaa amebonyeza kialama cha kulalia nyuma: ng`ombe. Hapo fonti haina hatia. Tafuta na ubadilishe zote kwa mkupuo kabla hujaanza kupanga chochote.

Cha pili ni fonti ya bure isiyokamilika. Fonti nyingi za mapambo hutolewa kama kionjo, zina A mpaka Z basi. Ritifaa haimo, namba hazimo, programu inaazima alama kutoka fonti nyingine na unaona kitu cha mraba kimekaa katikati ya mwandiko wa maua.

Cha tatu ni nafasi. Alama ipo, lakini mchoraji aliiwazia iko mwisho wa neno la Kiingereza, hakufikiria herufi ya duara kama o ikija nyuma yake. Matokeo ni "ng' ombe". Hii hurekebishwa kwa kusogeza jozi hiyo kwa mkono, na kwenye kichwa kikubwa cha habari usiache kuisogeza. Kwenye kitabu cha kurasa 200 huwezi, badilisha fonti.

Kwenye miandiko ya kuunganishwa ya kadi za harusi ni balaa zaidi. Jina la Kisukuma linaloanza na Ng'w litakatika katikati, g haifiki kwenye w, na bibi harusi anaonekana ana majina mawili. Waombe majina kamili kabla ya kuchagua mwandiko. Na kama wanataka majina hayo yote kwa herufi kubwa za mwandiko wa kuunganishwa, kataa kwa upole. Herufi kubwa za aina hiyo zilichorwa kusimama peke yake mwanzoni mwa neno. Ukizipanga mfululizo hakuna atakayesoma ASHA.

Dalili: ni pointi 12, lakini wazee wanalalamika ni ndogo

Pointi haipimi unachokiona. Inapima kisanduku ambamo herufi imewekwa. Kinachoamua ukubwa machoni ni kimo cha x, yaani urefu wa herufi ndogo zisizo na mkono wala mguu: a, e, o, u, m, n, w. Kwenye Times New Roman kimo hicho ni karibu asilimia 45 ya kisanduku. Kwenye Verdana ni karibu 55. Weka aya mbili za pointi 12 ubavu kwa ubavu, utadhani Verdana ni pointi 14.

Times ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, ikaanza kutumika mwaka 1932, na kazi yake ilikuwa kujaza maneno mengi kwenye safu nyembamba. Inabana kwa sababu iliagizwa kubana. Matthew Carter aliichora Verdana kwa ajili ya vioo vya kompyuta vya miaka ya 1990, ikahitaji kuwa pana. Ukiitumia Times kwa kipeperushi cha zahanati, ipandishe hadi 13 au 14. Ukitumia Verdana kwenye karatasi, 10 inatosha, ila itakula nafasi ubavuni.

Dalili: mapengo meupe yanatiririka katikati ya aya

Umenyoosha kingo zote mbili kwenye safu nyembamba. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo mstari unabeba machache, na nafasi yote inayobaki inagawanywa kwenye mapengo matatu au manne. Wengi wanalaumu fonti. Fonti inasaidia kidogo tu, ukichukua nyembamba zaidi. Dawa ni kupanga kushoto na kuacha ukingo wa kulia uchezecheze, au kupanua safu.

Ukiwasha ukataji wa maneno, angalia programu inadhani inasoma lugha gani. Ikidhani ni Kiingereza itakuletea "Kis-wahili" na "wanan-chi". Silabi zetu karibu zote huishia kwenye irabu, kwa hiyo ni Ki-swahili, wana-nchi. Kwenye ukurasa wa wavuti tatizo hilohilo hutokea pale msimbo unapotangaza kwamba ukurasa ni wa Kiingereza. Andika lang="sw", yaani Kiswahili. Kama programu yako haina Kiswahili kwenye orodha ya lugha, zima ukataji kabisa.

Dalili: herufi nene zimevimba

Ulibonyeza B, lakini fonti hiyo ina unene mmoja tu. Programu imejitengenezea unene kwa kupaka rangi pembeni, matundu ya a na e yakazibika. Italiki ya bandia ni hivyohivyo, herufi inasukumwa ubavuni tu. Angalia orodha ya fonti: kama Bold haipo kwenye familia, usiilazimishe.

Dalili: bei zinapanda na kushuka

Umepanga orodha ya ada kwa Georgia, na 25,000 inaonekana imelewa. Georgia hutumia tarakimu za kizamani: 3, 4, 5, 7 na 9 zinashuka chini ya mstari, 6 na 8 zinapanda, na sifuri inafanana na o. Ndani ya aya zinapendeza sana. Kwenye jedwali ni fujo. Raleway ina tabia hiyohiyo, na imewaponza wengi kwa sababu herufi zake ni za kisasa kabisa, hutarajii. Kwa majedwali chukua fonti yenye tarakimu za kimo kimoja, kisha washa tarakimu za upana sawa kama zipo, ili mamia yakae chini ya mamia.

Dalili: kwangu ilikuwa sawa, kwa mchapaji imebadilika

Kompyuta ya mchapaji haina fonti yako, imeweka nyingine bila kuuliza. Bango langu moja la kitchen party lilirudi na Arial, na jina la bibi harusi limeishia nje ya ukingo. Tangu siku hiyo natuma PDF yenye fonti ndani yake, au nageuza maandishi yote kuwa michoro kabla ya kutuma. Hifadhi nakala ya kwanza pembeni. Maandishi yakishakuwa mchoro hayasahihishiki, na mama mkwe huona kosa la tahajia saa tano usiku.

Kama PDF inasomwa kwa macho vizuri, lakini ukinakili neno "ofisi" unapata "osi", ni f na i zilizounganishwa kuwa alama moja ambayo programu haijui kuirudisha. Zima viunganishi hivyo na utoe PDF upya. Kiswahili kimejaa fi: kufika, safi, fikiri, safiri. Mtu akitafuta neno ndani ya hati yako hatalipata.

Dalili: herufi moja ni ngeni, au kuna kisanduku

Fonti haina herufi hiyo. Kiswahili sanifu hakina alama juu ya herufi, ndiyo maana tunasahau, mpaka ije kazi ya Nairobi yenye jina la Gĩkũyũ, ĩ na ũ zikaonekana zimeazimwa. Familia ya Noto ya Google ilipewa jina kutokana na lengo la kuondoa visanduku hivyo, ambavyo watu wa kazi hii huviita tofu. Gentium na Charis za SIL nazo zimejaa herufi za lugha za Kiafrika.

Kiarabu kina dalili yake. Bismillahi juu ya kadi ya nikahi, herufi zimeachana na zinasomwa kinyume. Usitafute fonti nyingine kwanza. Programu ndiyo haijui kuunganisha herufi wala kuandika kutoka kulia. Kwenye Photoshop na Illustrator washa mpangilio wa maandishi wa lugha za Mashariki ya Kati. Ikishakubali, weka Amiri au Scheherazade New. Kisha mwonyeshe mtu anayesoma Kiarabu kabla hujachapa.

Dalili: kwenye simu maandishi yamefifia

Mara nyingi ni unene mwepesi na rangi ya kijivu kwa pamoja. Kanuni za WCAG, zinazolenga kurasa za wavuti zisomeke na watu wote, zinataka utofauti wa angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Juu ya nyeupe, kijivu #767676 kinapita kwa kuponea chupuchupu. #999999, ambacho wabunifu tunakipenda mno, hakifiki hata 3. Kitoe nje saa saba mchana na simu ya bei nafuu, uone. Kama maandishi yanachelewa kutokea, umepakia unene sita wa fonti wakati unatumia mbili, na msomaji ndiye anayelipia bando. Toa usizotumia.

Dalili: kila kazi naanza upya kutafuta fonti

Hapa kinachokosekana ni familia moja ya kutegemea. Mimi naangalia mambo machache: unene halisi usiopungua minne na italiki ya kweli, a yenye kofia, I inayojitenga, tarakimu za jedwali, na leseni inayoruhusu kazi ya kulipwa. "Bure kwa matumizi binafsi" haimaanishi bango la mteja. Fonti zenye leseni ya SIL Open Font License zinaruhusu kazi ya biashara, na humo utakuta Noto Sans, Source Sans ya Adobe, IBM Plex, Inter na Atkinson. Chagua moja ya herufi zisizo na vijiguu (vile vimkia vidogo kwenye ncha za herufi), na moja yenye vijiguu kama Gentium au Noto Serif kwa maandishi marefu. Miandiko ya mapambo ipande jukwaani kwa neno moja tu.

Kabla ya kuipa fonti yoyote kazi, naibandikia mstari huu, kwa pointi 10 na kwa sentimita 10, mnene na mwembamba:

Ilikuwa Ilala: mmiliki wa ng'ombe 110 na nyama choma ofisini, kadi O0Il1, kodi 35,479/=, yatakayowasilishwa Gĩkũyũ.

Nikikwama popote, naifuta kwenye kompyuta ili nisishawishike tena.